Kumrudisha Mzee Mboje Kaoze

Sisi watu wa Sumbawanga mgeni akituuliza maana ya jina la mji wetu, kwanza tunacheka, halafu tunamjibu kwa sauti ya chini. Tupa uchawi, ndiyo maana yake. Kama umekuja nao, uache huko nje ndipo uingie. Haya, sasa wewe jaribu kuishi katika mji wenye jina hilo huku kazi yako ni kukaa na watu wanaokufa, uone utaitwa nani.

Kristiana kazi yake ndiyo hiyo. Wengi humwita Mama Jenifa, kwa jina la bintiye wa pekee aliyeolewa Matai. Ni mjane wa Kifipa aliyevuka hamsini, mfupi, mnene kidogo, na sweta lake la bluu halimtoki mwilini kwa ajili ya upepo wetu huu usio na adabu. Kikundi cha faraja cha kanisani kilimpeleka kusomea unasihi, na aliporudi akaanza kupita nyumba kwa nyumba kwa wale ambao hospitali imewaambia waende wakapumzike nyumbani. Hachomi sindano. Dawa ya maji ya kutuliza maumivu huletwa na muuguzi, yeye anaangalia tu kama mgonjwa amekunywa. Kazi yake hasa ni kukaa na kusikiliza. Atakaa na mama aliyefiwa ambaye hawezi kukigusa kitanda cha marehemu, atakaa na fundi aliyekatwa mguu anayemtukana kila anayeingia, naye hatajibu, atangoja matusi yaishe mpaka kilio kije.

Na kwa kuwa anaitwa mtu akiwa amefika ukingoni, wagonjwa wake wengi hufa. Sasa nani atawaeleza watu kwamba mwavuli hauleti mvua? Kwenye foleni ya mashine ya kusaga wanawake walianza kusema, "Mama Jenifa akikukalia kitako, andaa sanda." Walianza kwa utani, wakacheka, hata yeye akacheka nao. Lakini utani wa kwetu ukishapata maji huota mizizi. Ikafika siku akiweka debe lake la ulezi kwenye foleni, mwenye debe la mbele yake analisogeza. Ikafika siku akafungua mlango asubuhi akakuta unga mweusi umemwagwa kizingitini. Aliufagia, akanawa mikono, akaenda kazini.

Jenifa alipopata habari alipiga simu kutoka Matai akilia. "Mama, unajua wanavyofanyiwa wanawake wa umri wako. Acha hiyo kazi, njoo ukae na wajukuu."

"Nitakuja, mwanangu. Nina mzee mmoja hapa, nimalize naye."

"Unamaliza naye vipi, mama? Si kwa kufa kwake? Halafu watasema nini?"

Kristiana akaaga, akakata simu. Mtoto alikuwa amesema kweli tupu.

Mzee huyo ni Mzee Mboje, Msukuma wa Kaoze, kule chini bondeni. Alihamia huko na ng'ombe wake zamani, akafungua mashamba ya mpunga, akawa mtu wa kuheshimika. Saratani ilimshika koo. Ugali ukakataa kupita, ukafuata wali, sasa yamebaki maziwa tu, nayo kwa kijiko. Mwanawe mkubwa, Shigela, mfanyabiashara wa mpunga hapa mjini, alimpandisha milima kumleta kwake mtaa wa Chanji, na mama yake, Bi Minza, akaja naye. Wamezunguka hospitali mpaka madaktari wakasema hakuna la kufanya tena isipokuwa kumtuliza maumivu. Hapo ndipo Kristiana alipotumwa.

Shigela alimpokea getini. Ni mtu mkubwa, mpole, mwenye sauti nene, na anampenda baba yake kupita kiasi. Nalisema hili mapema msije mkamchukia.

"Shikamoo, mama. Karibu sana. Lakini nikuombe jambo. Nyumbani kwangu neno kifo halitamkwi. Baba anaumwa koo, na atapona. Mtu akimwambia vingine atakuwa amemchulia, na mimi sitamsamehe."

Angefanyaje? Angekataa, geti lingefungwa na mzee angebaki na maumivu yake peke yake. Akasema sawa, hatasema.

Lakini Mzee Mboje mwenyewe alijua. Mtu aliyeishi na mifugo miaka yote ile hashindwi kuujua mwili unaoanza kuondoka. Siku ya kwanza alimtazama Kristiana akivuta kigoda, akaiitikia ile salamu yake ya Kisukuma ya kujifunza, "Mwangaluka," kwa kicheko kidogo kisicho na sauti. Siku ya tatu akamwambia Bi Minza afunge mlango.

"Mama, mimi nakwenda. Usinibishie."

"Sikubishii, mzee wangu."

"Vizuri. Lakini sitaki kuondokea hapa. Hapa kwenu pana baridi kama mmelaaniwa. Mimi nataka Kaoze. Nataka nisikie ng'ombe wanavyotoka zizini asubuhi. Kwetu sisi mwenye mji hulazwa kando ya zizi lake, na wanawe wanakuwepo wakimsikiliza. Shigela ataniweka kwenye makaburi ya mjini, katikati ya watu nisiowajua hata majina. Nitaongea na nani?"

"Umemwambia Shigela?"

"Nilimwambia. Akalia kama mtoto, akatoka, akarudi na machungwa." Mzee akameza mate kwa taabu. "Machungwa! Mimi na koo hili! Baba hamwombi mwanawe mara mbili, mama. Mwambie wewe. Si ndiyo kazi mliyosomea?"

Kristiana akamgeukia Bi Minza. Bi Minza akasema yeye ameshasema mpaka mdomo umechoka, akaambiwa mama umekata tamaa mapema. Akaanza kulia kimya kimya, huku akimkanda mumewe miguu.

Jamani, Kristiana alikuwa amebanwa. Huku shimo, huku nyoka. Akisema, ameivunja ahadi aliyotoa getini, na mzee akifa wiki hiyohiyo, na atakufa, mtaa mzima utajua nani aliyemwita mauti. Asiposema, mzee anamfia kwenye chumba chenye pazia la maua akitazama dari. Mafunzoni walifundishwa usimdanganye mgonjwa, usihesabu siku zake, usimlazimishe asiyetaka kusikia. Hakuna aliyewafundisha ufanye nini pale ambapo mgonjwa anataka kusema na mwanawe hataki kusikia, na wewe unaambiwa mchawi.

Alijaribu kupitia pembeni. Siku moja akiwa anaondoka akamuuliza Shigela, "Baba, wewe unaona mzee angependa nini zaidi kwa sasa?"

"Kupona," Shigela akajibu, akamfungulia geti.

Siku nyingine akasema mvua zimeanza bondeni, barabara itaharibika, sijui watu wenye safari za Kaoze watafanyaje. Shigela akasema watu wenye akili hawasafiri masika. Basi. Kila jioni Kristiana alirudi kwake, akapika uji wa ulezi, akashindwa kuunywa. Kila asubuhi mzee alimuuliza kwa macho tu, naye akatikisa kichwa. Mvua ikazidi. Njia ya kwenda bondeni, ya kuteremka mlima wa Lyamba lya Mfipa, ikawa inafungwa leo, inafunguliwa kesho, na mzee akawa hageuki tena kitandani bila kushikwa. Kristiana alifika mahali pa kuichukia ile njia ya kwenda Chanji, akawa anatembea polepole makusudi ili achelewe kufika.

Jumapili moja baada ya misa alikuta nyumba imejaa. Wadogo wawili wa Mzee Mboje walikuwa wamepanda kutoka bondeni, na sebuleni palikuwa na dereva kijana anaitwa Alois anakula wali. Shigela alikuwa na furaha. Alimwekea Kristiana sahani mapajani kwa mikono yake mwenyewe.

"Mama, nimepata daktari mwingine Mbeya. Wanamsifu sana. Kesho alfajiri Alois anatupeleka na Land Cruiser. Baba atafunguliwa hilo koo, utaona."

Kristiana akatazama ule wali. Mbeya! Mzee hafiki Mbeya. Na akifika, atafia kwenye korido, kwenye machela, mbali kuliko hapa, na atakayerudishwa bondeni ni maiti. Mlango wa chumba ulikuwa wazi nusu, na alijua mzee anasikia kila neno. Akaiweka sahani chini.

"Shigela," akasema. "Baba yako hatapona. Anajua, mama yako anajua, na wewe unajua. Anaomba apelekwe nyumbani Kaoze. Ameniomba nikuambie, na mimi nimekaa nalo kwa ajili ya woga wangu. Sasa nimesema."

Alois aliacha kutafuna. Wale wazee wawili wakatazamana.

"Umemchulia baba yangu," Shigela akasema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Kristiana. "Ndani ya nyumba yangu, chakula changu kiko mbele yako. Kumbe wanayosema watu kwenye mashine ni kweli. Na mimi nilikuwa nakutetea!"

"Toka nje, mama," mmoja wa wale wazee akasema.

Kristiana alikuwa ameshainuka, anatafuta ndala zake, aliposikia kitu kinagongwa chumbani. Mzee Mboje alikuwa anagonga kikombe cha bati kwenye chuma cha kitanda. Aligonga mpaka wote wakanyamaza.

"Shigela," sauti yake ilitoka nyembamba, ya kukwaruza. "Nimemtuma mimi. Nipeleke kwangu."

Shigela alisimama pale katikati ya sebule, kifua kinapanda kinashuka. Wazee walimtazama yeye, naye alimtazama Kristiana, na chuki iliyokuwa machoni mwake haikuwa ya kificho.

"Sawa," akasema. "Kesho tunakwenda Kaoze. Lakini na wewe utapanda, mama. Utakaa naye mwenyewe. Akifa njiani, utatujibu."

Mwenye akili zake angekimbilia Matai usiku huohuo. Kristiana aliwaza hivyo, msidhani hakuwaza. Lakini kukimbia kungekuwa kukiri, na mzee angebaki na nani wa kumshikia kichwa? Asubuhi alivaa sweta lake, akafunga khanga mbili kwenye mkoba, akapanda.

Walitandika godoro nyuma ya gari. Mzee alilala, kichwa mapajani mwa Kristiana, Bi Minza miguuni. Wale wazee wawili walikaa kwenye viti vya pembeni, mmoja huku, mmoja kule, magoti yao yanagusana na yake, na hawakuondoa macho kwake hata gari liliporuka mashimo. Shigela mbele na Alois. Kila baada ya muda alikuwa anageuka.

"Anapumua?"

"Anapumua."

Kidogo tena: "Anapumua?"

"Anapumua, Shigela."

Simu ililia mkobani, akajua ni Jenifa, akaiacha ilie. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika kichwa cha mzee kisigongwe. Miguu ilikufa ganzi, akaogopa hata kuisogeza, maana wale wazee wangesema amemfanyia kitu. Aliomba rozari kimoyomoyo, bila shanga, huku akihesabu pumzi za mtu mwingine badala ya zake.

Walipoanza kuteremka mlima, ukungu ulikuwa bado mzito. Barabara ilikuwa tope tupu, upande mmoja ukuta wa jiwe, upande mwingine bonde. Kwenye kona moja mbaya wakakuta Fuso la mpunga limezama, limekaa kiubavu, limeziba njia yote. Nyuma yao likaja lori jingine likasimama.

"Hapa hatutoki," Alois akasema, "mpaka lile litoke. Na kugeuza haiwezekani."

Wanaume wote wakachukua majembe, wakashuka kwenda kuchimba tope na kusukuma, Shigela wa kwanza, suruali imekunjwa magotini. Ndipo Kristiana aliposikia pumzi ya mzee imebadilika. Inakuja, inakaa, inachelewa kurudi. Alikuwa ameisikia kwa wengi mno, hawezi kuikosea. Akamtazama Bi Minza, na Bi Minza akajua.

Ukungu ulianza kufumuka. Bi Minza akafungua mlango wa nyuma, na upepo wa bondeni ukaingia, ule wa vuguvugu wenye harufu ya majani mabichi.

"Tumefika?" mzee akauliza.

"Bado, mzee wangu," Kristiana akasema. "Tuko mteremkoni. Bonde linaonekana lote, na ziwa."

Mzee hakufungua macho. Pua zake zilicheza kidogo. "Joto," akasema. "La kwetu hilo."

Sasa sikilizeni alichokifanya Kristiana, na mhukumu wenyewe. Angeweza kukaa kimya, amshike mzee mpaka mwisho kama alivyowashika wengine, kisha awaite. Angekuwa amemaliza kazi yake vizuri. Lakini angekutwa na maiti mapajani, mlimani, wanaume wale wakirudi na majembe mikononi. Alitaka mwana awe na baba yake, hilo ni kweli. Alitaka pia kumtoa mzee mikononi mwake kabla hajakata roho, na hilo nalo ni kweli. Hata leo ukimuuliza lipi lilitangulia, atakutazama tu, aseme hajui.

"Shigela!" akaita kwa nguvu. "Shigela, njoo!"

Alikuja mbio, tope mpaka kiunoni. "Amekufa?"

"Hajafa. Panda, umshike."

Shigela alirudi hatua nyuma. "Siwezi, mama. Mshike wewe. Si ndiyo kazi yako?"

"Si yangu. Baba yako anakwenda, Shigela. Usimwachie mgeni. Panda hapa, mimi nashuka."

Alipanda. Kristiana akamwonyesha akae vipi, akauhamisha ule mkono wake mkubwa chini ya shingo ya mzee, akampa kitambaa chenye maji. "Mlainishie midomo tu, usimnyweshe. Sema naye. Anasikia hata kama hakujibu."

"Nimwambie nini?"

"Ulichokuwa unakificha kwenye machungwa."

Akashuka, miguu bado ina ganzi, akajishika kwenye bodi ya gari. Nyuma yake Shigela akaanza kuongea Kisukuma, kwanza maneno mawili matatu, halafu mfululizo, akilia na kuongea, akicheka mahali fulani, akilia tena. Kristiana hakuelewa neno, na hakutaka kuelewa. Alisikia sauti ile ya kukwaruza ikijibu mara moja. Baadaye ikabaki sauti ya Shigela peke yake. Baadaye Bi Minza akapiga ukelele.

Wale wazee walikuja na majembe yao. Walisimama mbele ya Kristiana, karibu kabisa, wakamtazama, wakatazama ndani ya gari, wakamtazama tena. Hakukuwa na pa kwenda, juu matope, chini matope. Fuso lilipotolewa mmoja wao akamwonyesha mlango kwa kidevu, naye akapanda akakaa pembeni kabisa, magoti kifuani. Njia yote iliyobaki mpaka Kaoze alikuwa akiwaza jinsi atakavyoshuka kwenye kijiji asikomjua mtu, yeye Mfipa peke yake, pamoja na maiti ya mwenye mji.

Simu zilikuwa zimetangulia. Walikuta uwanja wa Mzee Mboje umejaa watu, ng'ombe bado zizini, hawakutolewa siku hiyo, wakilia kwa sababu ya kucheleweshwa. Vilio vikapokea gari. Wanaume wakamshusha mzee, na dada yake, kikongwe aliyenyooka kama mti wa zizi, akapita katikati ya watu mpaka kwenye gari. Alimwona Kristiana na sweta lake. Akauliza jambo kwa Kisukuma. Wale wazee wawili hawakujibu, waligeuza tu nyuso zao upande wa Kristiana, na uwanja wote ukageuka pamoja nao.

Kikongwe akauliza tena, kwa Kiswahili safari hii. "Kaka yangu alikuwa na nani alipokata roho? Au na huyu?"

Kristiana akafungua mdomo ajibu, akatanguliwa.

"Alikuwa na mimi, shangazi," Shigela akasema. Alisimama mbele ya watu wote, tope limemkaukia mwilini, mikono ameinyoosha kama bado amebeba kitu. "Amefia mikononi mwangu. Macho nimemfumba mimi."

"Na huyu mwanamke?"

"Huyu ndiye aliyenionyesha namna ya kumshika."

Kikongwe akamtazama Kristiana toka kichwani mpaka kwenye miguu yake iliyojaa matope, muda mrefu. Kisha akawaambia wasichana wamletee maji anawe, na kigoda akae na wafiwa.